Likasi: Uhandisi una mlango wa pili, lakini una masharti yake

Katika mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, njia ya kuwa mhandisi inajulikana: kufaulu Exétat, kuingia Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, umbali wa kilomita zipatazo 120, kisha kutafuta kazi migodini au viwandani, kama vile Shituru kwa Gécamines.

Ipo njia nyingine isiyozungumzwa sana. Ni ile ya vyuo vya sanaa huria, ambako mwanafunzi husoma falsafa, historia na lugha sambamba na hesabu na sayansi kabla ya kubobea.

Mwana wa Likasi aliwahi kufundisha katika chuo kama hicho. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa hapa mwaka 1941 mji ukiitwa Jadotville, alikuwa mwalimu wa chuo cha Haverford nchini Marekani.

Vyuo vingi vya aina hiyo havitoi shahada ya uhandisi. Badala yake, huungana na vyuo vikuu vikubwa. Katika mpango wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanafunzi husoma miaka mitatu katika chuo chake na miwili Columbia, kisha hupata shahada mbili, moja ikiwa ya uhandisi.

Vichache vinafundisha uhandisi vyenyewe. Mghana Patrick Awuah alisomea uhandisi na uchumi katika chuo cha Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi nyumbani na kufungua Ashesi mwaka 2002. Chuo hicho kilianza kufundisha uhandisi mwaka 2015.

Hata hivyo, mlango huu si wa kukwepa hesabu. Anayetaka kuhamia uhandisi lazima asome hesabu, fizikia na kemia tangu mwaka wa kwanza. Akichelewa, atamaliza na shahada nzuri isiyomfanya mhandisi. Kwa kijana aliyesoma kwa Kifaransa, kuna pia mtihani wa Kiingereza, lugha ya kufundishia katika vyuo hivyo.

Kwa familia inayouza shamba ili kulipa karo, maswali ni matatu kabla ya kutoa pesa: Je, shahada ya mwisho ni ya uhandisi? Je, itatambuliwa Kongo? Na je, ufadhili wa chuo cha kwanza utaendelea katika chuo cha pili?