Wenye Sura na Wenye Mkasi

Mwaka 1934 Paul Robeson, mwimbaji na mchezaji wa tamthilia aliyekwisha kupata utukufu New York na London, alijiandikisha katika School of Oriental Studies ya London ili asome fonetiki na Kiswahili. Baba yake alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka angali kijana, akaja kuwa mchungaji wa kanisa. Na mwana, ambaye nasaba yake ya upande wa Afrika ilikatika baharini pamoja na za mamilioni ya wengine, alikusudia kuitafuta tena kwa njia ya lugha. Kwa hiyo ilipomfikia habari ya kuwa mwongozaji Zoltan Korda amerejea kutoka Afrika na shehena ya picha za ngoma na mitumbwi na nyimbo zilizorekodiwa papo hapo, na kuwa kaka yake Alexander ataziingiza katika filamu kubwa iitwayo Sanders of the River, aliona mlango wa heri umefunguka, akakubali kucheza nafasi ya Bosambo, mkuu wa kabila.

Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, nje kidogo ya London, na weusi wa kukijaza wakatafutwa popote walipopatikana: mabaharia na makuli wa Cardiff, wanafunzi, na watu waliokuwa wakiganga njaa mjini. Miongoni mwao alikuwamo Mkikuyu wa makamo aliyepelekwa Uingereza na Kikuyu Central Association ili aisemee ardhi ya watu wake, wakati huo akijulikana kwa jina la Johnstone Kenyatta. Simlaumu hata kidogo. Kodi ya chumba haingoji siasa itengenee, naye alivaa alichopewa avae, akasimama alipoambiwa asimame.

Anayeitazama filamu ile leo hupokewa, kabla hajaona uso wa mtu, na maandishi yanayowasifu wazungu wachache wanaotawala na kulinda mamilioni ya wenyeji kwa ushujaa ambao, yasema maandishi hayo, haujapata mwimbaji. Kisha huja hekaya yenyewe. Bwana Sanders, mtawala wa wilaya, akienda likizo, uvumi tu wa kwamba amekufa unatosha kuwafanya watu wazima, wenye wafalme wao na mabaraza yao, kushikiana mikuki; akirudi na meli yake na bunduki ya rasharasha, amani hurudi naye. Bosambo wa Robeson ana haiba na ushupavu, na wimbo wake wa kupigia makasia hausahauliki upesi. Walakini mwisho wa yote ni yeye na mkewe, aliyechezwa na Nina Mae McKinney, wanaokuja kuokolewa na bwana yule yule, na shukrani anazomtolea ni za mtoto kwa babaye.

Baadaye Robeson alisema kuwa sifa zile za dola ziliingizwa kazi ikikaribia kwisha, naye hakuwa na uwezo wa kuzizuia. Wako wanaodhani hicho ni kisingizio cha mtu aliyeingiwa na haya. Mimi nayaona ni maelezo sahihi ya jinsi filamu inavyotengenezwa, kwa kuwa mchezaji hutoa uso, sauti na jasho lake, na maana hutolewa baadaye chumbani kwa mhariri, ambako kipande cha mtu akicheka huungwa na kipande cha jambo asilolicheka, na mtazamaji wala asitambue. Hivyo ndivyo walivyofanyiwa hata wale wacheza ngoma ambao Zoltan Korda aliwapiga picha huku barani: waliicheza ngoma kwa sababu zao, na London ikawapa sababu nyingine. Mwaka 1936, alipotakiwa kwa filamu ya Song of Freedom, Robeson alidai haki ya kuidhinisha filamu katika umbo lake la mwisho, akapewa. Na sharti hilo, kwa mizani yangu, ni zito kuliko tuzo nyingi zilizokuja kutolewa.

Mwaka ule ule wa 1935 ambao Sanders alionyeshwa London, kamera nyingine ilianza kazi Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiwa chini ya International Missionary Council na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya Marekani, na hata ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu 35 za kuwafunza wenyeji kilimo, siha na kuweka akiba, maelezo yakisemwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Moja inasimulia habari za watu wawili waliopata fedha: mmoja akazificha, mwizi akazipata, wa pili akazipeleka Benki ya Akiba ya Posta, akafaidika. Waigizaji ni watu wa pande hizi hizi, mashamba ni ya kweli, na hakuna aliyevishwa ngozi ya chui. Hata hivyo mweusi wa Vugiri na mweusi wa Shepperton ni ndugu wa tumbo moja, maana wa kwanza hajui na wa pili hatulii, na wote wawili hawawezi kuishi pasipo bwana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilitengenezewa filamu nyingine za Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu alicheza kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Huko Marekani nako kutambuliwa kulikuja kwa vipimo vya ajabu. Tarehe 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alipata Oscar kwa nafasi ya mtumishi katika Gone with the Wind, mweusi wa kwanza kuipata. Na usiku huo huo, katika hoteli ya Ambassador ya Los Angeles, aliketishwa kwenye meza ndogo ya ukutani, mbali na wenziwe wa filamu ile ile. Robeson, baada ya Tales of Manhattan ya mwaka 1942, ambamo weusi walionyeshwa tena kama wajinga wa shambani, aliiacha Hollywood kabisa.

Mtu aweza kuuliza ni hatua gani iliyopigwa, maadamu Lupita Nyong'o wa Kenya alipopata Oscar yake mwaka 2014 aliipata kwa kuigiza mtumwa, Patsey. Swali ni la haki. Lakini kisa cha filamu aliyoichezea, 12 Years a Slave, kilisimuliwa na aliyepatikana nacho, Solomon Northup, katika kitabu chake cha mwaka 1853. Kikaandikwa kwa ajili ya sinema na John Ridley, naye ni mweusi, aliyetunzwa Oscar usiku ule ule. Na mwongozaji, Steve McQueen, ni mweusi wa Uingereza. Patsey apigwapo mijeledi, kamera inazunguka na kukaa naye kwa muda mrefu takriban bila kukatwa, na mtazamaji aliyezoea kuhurumiwa na mkasi hapati pa kukimbilia. Uamuzi wa kutokata pale ulikuwa wa McQueen, na Patsey wa Nyong'o hawezi kutenganishwa nao.

Kwetu, Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyo ya Unguja ya zama za ukoloni, akaifanya filamu ya Kiswahili iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, ikiwa ni filamu ya pili kupelekwa baada ya Maangamizi ya mwaka 2001, wala haikuteuliwa. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba mwandishi, mwongozaji na lugha vyote vikiwa vyetu, miji mingi ya mwambao haina tena ukumbi wa kuionyeshea, kwa sababu kumbi za sinema walizokuwa wakijazana wazee wetu zimegeuzwa maduka na maghala, na kijana wa Tanga au Lindi atakayeitaka filamu ile itambidi aitazame katika kioo cha simu, ikiwa ataipata.