Msitu hauwezi kupeleka mashtaka: kazi ya prokirere kwa kesi za mazingira Masisi na Walikale

Mtu akiibiwa mbuzi, anajua pa kwenda. Anamwona chefu wa kijiji, kisha OPJ, na kesi inaanza juu mbuzi ana mwenyewe. Lakini miti ikikatwa usiku ndani ya hifadhi, ao mto ukijaa matope ya machimbo mpaka watu wa chini wakose maji ya kunywa, nani anakwenda kulalamika? Msitu hauna mdomo. Mto hauwezi kuweka kidole kwenye karatasi.

Sheria ya Congo imemweka mtu wa kusema kwa niaba yao. Ni mwendesha mashtaka wa serikali, yule watu wanaita prokirere, pamoja na wasaidizi wake wa parke. Katika Masisi na Walikale wakaaji wengi wanamjua kama mtu wa kesi za wizi, ubakaji na mauaji. Wachache wanajua kwamba kesi ya mbao, ya makala, ya nyama ya porini na ya mgodi usio na karatasi, nayo ni kazi yake.

Prokirere si avoka

Kuna watu wanachanganya. Avoka anatetea mtu aliyemlipa. Prokirere analipwa na serikali, na anasimama kwa jina la watu wote. Mahakamani kuna mahakimu wa kukaa, wale wanaosikiliza na kukata hukumu, na kuna mahakimu wa kusimama, wale wanaoshitaki. Prokirere ni wa kusimama. Hawezi kumhukumu mtu. Kazi yake ni kuchunguza, kuamua kama kuna kosa, na kupeleka kesi mbele ya hakimu akiwa na vielelezo.

Kuna tofauti nyingine yenye uzito. Tangu Katiba ilipobadilishwa mwezi wa kwanza 2011, maparke hayahesabiwi tena ndani ya mamlaka huru ya mahakama. Waziri wa Sheria anaweza kumwagiza prokirere afungue uchunguzi. Ndiyo maana kesi nyingine zinakimbia na nyingine zinalala: mara nyingi inategemea kama kuna mtu wa juu anayezifuata.

Na Congo haina mahakama ya pekee kwa mazingira. Kenya ilijipatia Mahakama ya Mazingira na Ardhi baada ya Katiba yake ya 2010. Hapa, hakimu yuleyule aliyesikiliza kesi ya deni asubuhi ndiye anasikiliza kesi ya sokomutu mchana.

Sheria anazoshika mkononi

Si kwamba sheria zinakosa. Katiba ya 2006, kipengele cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na pia ana wajibu wa kuyalinda. Kipengele cha 54 kinasema uharibifu wowote unaotokana na kazi ya biashara lazima ulipwe ao urekebishwe.

Chini ya Katiba kuna sheria nne ambazo prokirere anazifungua mara kwa mara. Kuna Kodi ya Misitu ya 29 Agosti 2002. Kuna Kodi ya Madini ya mwaka huohuo, iliyobadilishwa 9 Machi 2018. Kuna sheria ya kanuni za msingi za mazingira ya 9 Julai 2011, inayodai kila mradi mkubwa uchunguzwe kwanza kama utaleta madhara. Na kuna sheria ya kulinda viumbe vya asili ya 11 Februari 2014. Hii ya mwisho inakataza ndani ya hifadhi kazi yoyote inayopingana na ulinzi wake, na inasema haki yoyote iliyotolewa kinyume cha hapo ni bure.

Sheria hizi zinagusa Walikale na Masisi moja kwa moja. Sehemu ya chini ya hifadhi ya Kahuzi-Biega inaingia Walikale, na hifadhi ya Maiko pia. Humo ndimo wanaishi gorila wa Grauer, ambao duniani kote wanapatikana mashariki mwa Congo tu. Upande wa Masisi, hifadhi ya Virunga inagusa teritwari, na makala yanayochomwa humo yanapikia chakula cha Goma. Kuna pia Bisie na kasiterite yake, Rubaya na koltani yake.

Kesi inakufa ao inapona kijijini

Chukua mfano. Katika sekta ya Bakano, mtu anakamatwa na mtoto wa sokomutu ndani ya kikapu, anamtafutia mnunuzi. Nani anaanza kazi? Si prokirere. Anaanza OPJ: polisi, mlinzi wa ICCN aliyepewa uwezo huo, ao mtumishi wa mazingira aliyekula kiapo. Yeye ndiye anaandika PV, ile karatasi inayosema nani, wapi, siku gani, saa ngapi, na kitu gani kilikamatwa.

Kuanzia hapo saa inakwenda. Katiba, kipengele cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe ao akabidhiwe kwa mwenye mamlaka ya sheria. Sasa fikiria Walikale, teritwari ya kilomita za mraba zaidi ya 23,000, inayokaribia Rwanda nzima kwa ukubwa. Kutoka vijiji vingine unatembea kwa miguu siku nzima na zaidi kabla ya kuona barabara ya motoka. OPJ hana pikipiki, ao anayo bila mafuta. Saa 48 zinaisha akiwa bado njiani.

Hapo ndipo kesi nyingi zinafia. Mtu anaachiliwa, ao jambo linamalizwa chini ya mti kwa pesa. Na hata dosye ikifika parke, prokirere anaikuta na matundu: PV haina tarehe, haina jina la mahali, haina shahidi. Mbao zilizokamatwa zimeoza ao zimeuzwa. Nyama ilishaliwa. Mbele ya hakimu, avoka wa mshitakiwa anauliza swali moja tu: “Kielelezo kiko wapi?” Kesi inaanguka.

Mnyama aliye hai anahitaji uangalifu zaidi, juu yeye ni kielelezo na ni mgonjwa kwa pamoja. Kwa sokomutu kuna kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichoanza 2002. Kwa gorila kuna kituo cha GRACE, Kasugho, katika Lubero, kilichoanza 2009. Picha nzuri na karatasi ya kukabidhi vinatosha kumwakilisha mahakamani. Hakuna sheria inayodai afe ndani ya kikapu akingojea hakimu.

Kwa nini wanaokamatwa ni wadogo

Wakaaji wengi wanauliza hili kwa uchungu: “Mama wa makala anakamatwa, lakini mwenye kamyo anapita.” Swali lina msingi. Anayekutwa na kitu mkononi ndiye rahisi kushitaki, juu PV yake ni ya ukurasa mmoja. Aliyetoa pesa, aliyenunua mzigo, ao aliyeweka barrière ya kulipisha njiani, hayupo msituni. Kumfikia kunahitaji kufuata pesa, simu na karatasi za usafiri, na parke nyingi hazina njia hizo. Tena, mwenye kamyo mara nyingine ana silaha nyuma yake.

Ndiyo maana watu wa sheria wanakumbuka hukumu ya Bukavu. Mwezi wa tano 2021, mahakama ya kijeshi ya garnizoni ilimhukumu kifungo cha maisha kiongozi wa kundi la silaha anayejulikana kwa jina la Chance. Pamoja na makosa dhidi ya watu, alishitakiwa pia kwa uharibifu alioufanya ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Kumbe inawezekana kumfikisha mahakamani mkubwa kwa ajili ya miti, kama uchunguzi umefanywa na mashahidi wamelindwa.

Kuna upande mwingine usiofaa kufichwa. Sheria ya mazingira inaweza pia kuumiza watu. Familia za Wambuti na Watwa zilifukuzwa katika ardhi ya mababu wakati hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoundwa 1970 na kupanuliwa 1975. Katika uamuzi uliotangazwa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema serikali ya Congo ilivunja haki za Watwa hao. Basi prokirere anayeshitaki mtu aliyeingia hifadhini anapaswa kujiuliza pia huyu ni nani, na kwa nini yuko pale. Mwindaji wa pembe na mzee anayetafuta dawa ya mizizi hawana kosa la uzito mmoja.

Vita vilikata mnyororo

Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi wa dharura, ule unaoitwa état de siège, ulianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Kesi ya mbao iliyokuwa kwa prokirere wa kiraia ikaenda kwa oditeri wa kijeshi, ambaye tayari alikuwa amejaa kesi za askari na za makundi ya silaha. Ni wazi miti haikuwa ya kwanza kwenye meza yake.

Kisha mapigano yakasonga. Rubaya, ambako Umoja wa Mataifa unasema kunatoka karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa nne 2024. Masisi-centre ilifuata mwanzo wa 2025, kisha Goma mwisho wa mwezi wa kwanza. Walikale-centre ilichukuliwa 19 Machi 2025, na M23 ikaondoka mwanzo wa mwezi wa nne. Katika siku hizo mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi, ukaanza tena mwezi wa nne.

Kwa kazi ya sheria, maana yake ni nzito. Mahakimu walihama. Ofisi zilifungwa. Wafungwa wa gereza la Munzenze, Goma, walitoroka. Mwezi wa pili 2025 Wizara ya Madini iliweka migodi kadhaa ya Masisi na Kalehe katika hali “nyekundu”, yaani madini yake hayaruhusiwi kuchimbwa wala kuuzwa kisheria. Lakini karatasi ya Kinshasa haisimamishi sepetu ya kreseri aliye na watoto wa kulisha. Vilima vinaendelea kuchimbwa, na mvua ikinyesha udongo unashuka juu ya watu.

Saa nyingine inayohesabu

Wengi wanafikiri kesi inangoja tu mpaka amani irudi. Si kweli kwa kesi zote. Kodi ya Makosa ya Congo inaweka muda. Kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja linakufa baada ya mwaka mmoja. Lile ambalo adhabu yake haipiti miaka mitano linakufa baada ya miaka mitatu. Lile la adhabu kubwa zaidi linakufa baada ya miaka kumi. Kwa hiyo makosa mengi ya msituni yaliyofanywa wakati wa mapigano yanaweza kufutika kabla ofisi hazijafunguliwa.

Kuna milango miwili. Wa kwanza: kitendo cha uchunguzi ao cha kushitaki kilichofanywa ndani ya muda huo kinakata hesabu, na hesabu inaanza upya. PV moja iliyofika kwa prokirere ao oditeri, hata aliyehamia mahali pengine, inaweza kuokoa kesi. Wa pili: uporaji unaofanywa ndani ya vita unaweza kuhesabiwa kuwa kosa la vita, na makosa ya vita hayazeeki.

Mkaaji anaweza kufanya nini

Kwanza, usalama. Hakuna mti wenye thamani kuliko uhai wa mtu. Kupita barrière na picha za hatari ndani ya simu si ushujaa.

Pili, kuandika. Tarehe, jina la kilima ao mto, kitu kilichoonekana, idadi. Daftari la shule linatosha. Karatasi hiyo inaweza kuhifadhiwa mahali pa kuaminika mpaka siku ya kuitoa.

Tatu, kujua kwamba si lazima uwe mwenye shamba ili kutoa habari kwa parke. Mtu yeyote aliyeona kosa anaweza kusema. Na jamii iliyopata karatasi ya msitu wa jamii, kwa dekreti ya 2 Agosti 2014 inayoruhusu hadi hekta 50,000, inaweza kusimama mahakamani yenyewe na kudai fidia kando ya prokirere. Vijiji kadhaa vya Walikale vina karatasi hizo tayari.

Nne, kudai risiti. Sheria inaruhusu makosa mengine yamalizwe kwa faini bila kufika mahakamani. Lakini pesa hiyo ni ya hazina ya serikali. Faini bila karatasi ni mfuko wa mtu, na mwenye kulipa anaweza kukamatwa tena kesho kwa kosa lilelile.

Prokirere ana cheo na ana sheria, lakini macho yake hayafiki Bakano wala Katoyi. Anaona yale tu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kwanza. Siku maparke yatakapofunguliwa tena sawasawa, swali la kwanza litakuwa lilelile la hakimu: kielelezo kiko wapi? Kama hakuna aliyeandika, msitu utakuwa umekosa shahidi.