Huduma Hufuata Jina Lililoandikwa

Kila mkulima wa chai anajua jambo hili: majani yakipimwa kwa nambari ya mtu mwingine, mtu huyo ndiye atakayelipwa, hata kama wewe ndiwe uliyechuma tangu alfajiri. Hakuna karani awezaye kulitazama jani akasema limetoka shamba gani. Kazi yote ya palizi, mbolea na kuchuma huishia katika nambari moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya mizani.

Huduma za serikali za siku hizi zinakwenda kwa namna hiyo hiyo. Matibabu, mambo ya nyumba, hata mbolea ya bei nafuu, vyote humfuata mtu ambaye jina lake limeandikwa, pamoja na nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Wazee wa skimu za Borabu hawatashangaa. Serikali ilipoanza kugawa mashamba ya Wazungu mwaka 1962 katika mpango wa ekari milioni moja, mtu aliingia shambani kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha, na deni la shamba likaandikwa kwa jina lilo hilo. Watoto wao na wajukuu ndio ninaotaka kusema nao leo, hasa wale wanaokuja sokoni Ikonge na kuuliza kwa nini jirani alipata na wao hawakupata.

Kwanza yafaa kujua mlango wa kubisha. Kwa Katiba ya mwaka 2010, serikali ya kaunti ndiyo yenye zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa. Ndiyo pia yenye kazi ya kilimo na mipango ya nyumba. Kaunti zilianza kazi hizo baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Lakini bima ya afya ni ya serikali kuu. Basi mtu akikosa dawa katika zahanati, neno hilo ni la kaunti. Akiambiwa kwamba bima yake haijalipwa, kumlaumu mwakilishi wa wadi hakutamsaidia. Watu wengi hupoteza siku nzima kwa kugombana katika ofisi isiyohusika.

BIMA YA AFYA

Bima ya zamani, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966 na wengi wetu tumekua nayo. Mnamo tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake palichukuliwa na SHA, kwa sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023. Kadi ya NHIF iliyo sandukuni, hata kama imetunzwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni, haina kazi tena. Hapana budi kujiandikisha upya.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya, nayo ni kujiandikisha, kupimwa uwezo, na kulipa.

Kujiandikisha ni bure. Hufanywa kwa simu yoyote, hata ile ndogo ya vibonye, kwa kupiga *147#. Mtu aliyejiandikisha anaweza kutibiwa katika zahanati na kituo cha afya cha serikali pasipo kulipa, kwa kuwa huko hulipa mfuko wa serikali. Homa, kuhara, kidonda, chanjo ya mtoto, yote hayo ni ya huko. (Kwamba dawa nyingine hukosekana ni kweli, nami sitaficha. Lakini anayekwenda na kuambiwa hakuna dawa huacha jina lake katika kitabu cha zahanati, na kitabu hicho ndicho kinachoonyesha dawa ngapi zinatakiwa.)

Kupimwa uwezo ni kujibu maswali juu ya nyumba yako: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji hutoka wapi, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Kutokana na majibu hayo mtu asiye na mshahara huandikiwa kiasi cha kulipa. Sheria yasema ni shilingi 2.75 katika kila mia ya mapato, wala isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Wengine wamelalamika kwamba wamepewa hesabu kubwa kuliko uwezo wao. Mwenye lalamiko hilo aende katika ofisi ya SHA aulize hesabu yake ilivyofanywa. Kukasirika na kuyaacha mambo yalivyo hakupunguzi hata senti moja.

Kulipa ndiko kunakowashinda wengi, tena kwa sababu moja kubwa. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kuhisi sana. Mkulima hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Kwa kiasi cha chini kabisa, hiyo ni shilingi 3,600. Wakati wa NHIF mkulima alilipa shilingi 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, kwa hiyo kwa mtu wa chini fedha zimepungua. Ila kutoa 3,600 kwa siku moja ni kazi nyingine kabisa kuliko kutoa 500 mwezi hata mwezi. Mwaka 2025 kulianzishwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao mtu hukopeshwa ada hiyo kisha akairudisha kidogo kidogo. Mwaka uo huo serikali kuu ilianza pia kuwalipia watu maskini kabisa. Lakini mimi kama karani wa kilimo naona mkulima wa chai ana njia iliyo bora kuliko mkopo. Bonasi ya chai hulipwa karibu na mwezi wa Oktoba. Siku hiyo, kabla ya kununua bati au kulipa deni la duka, ada ya mwaka itoke kwanza. Mwenye ng'ombe wa maziwa naye akiweka kando shilingi 10 kila siku, mwisho wa mwaka atakuwa na 3,650. Hiyo ni fedha ambayo wengi huipoteza kwa mandazi ya njiani.

Wanaouliza faida ya kulipa ikiwa zahanati ni bure, jibu ni kwamba zahanati haifanyi upasuaji. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, bima huilipa hospitali shilingi 10,000. Akifanyiwa upasuaji, shilingi 30,000. Fedha hizo hutoka katika mfuko wa wale waliolipa ada. Asiyelipa hudaiwa yeye mwenyewe.

Namjua mkulima mmoja ambaye mkewe alipelekwa usiku katika hospitali moja, mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa hazina tabu. Mtu huyu alikuwa amejiandikisha. Alikuwa na ujumbe katika simu unaosema amejiandikisha, akauonyesha kwa kila muuguzi aliyepita. Alikuwa hajajibu maswali ya uwezo, wala hajalipa. Mama na mtoto walitoka salama, namshukuru Mungu, lakini ndama jike wa miezi kumi, ambaye alikuwa ndiye maziwa ya nyumba hiyo ya miaka ijayo, aliuzwa katika juma lile kwa bei ya mtu mwenye haraka. Bei ya ndama yule ingelilipa ada ya chini ya miaka kadhaa. Hospitali haikumdhulumu, ilifuata sheria, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jambo lingine ambalo nimeona linawapata wazee. Mzee asiye na simu huandikishwa kwa simu ya mjukuu. Halafu mjukuu huenda Nairobi kutafuta kazi, au laini yake hupotea. Ujumbe unaomhusu mzee hutumwa katika simu ile iliyo Nairobi, na mzee amekaa benchi. Basi laini iwe ya mzee mwenyewe, imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Tena baba na mama yako hawaingii chini ya jina lako. Wanaoingia ni mume au mke, na watoto wanaokutegemea. Wazazi huandikishwa peke yao kama nyumba yao. Watoto nao hutakiwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, wala si haya kwenda hata kama mtoto amekwisha kuanza shule.

Asiyeweza kuyafanya haya peke yake asihangaike. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 katika nchi yote, walipewa mifuko yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, mizani na simu. Kila mmoja ana nyumba zake anazozitembelea, karibu mia moja. Wengi wao ni akina mama tunaowajua, tunaokaa nao kanisani. Mkaribishe ndani. Akikupima damu na kukuambia ipo juu, usimjibu kwamba ni kazi ya jembe tu.

NYUMBA

Hapa nitasema machache, kwa kuwa mpango mkubwa wa nyumba za bei nafuu, uliowekwa kwa sheria ya Machi 2024, unawahusu zaidi watu wa mijini. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 1.50 katika kila mia, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Sheria yenyewe inataja pia nyumba za mashambani, na atakaye kujiandikisha hufanya hivyo katika Boma Yangu, kwa mtandao.

Kwa mkulima wa skimu tabu si kupata nyumba bali hati. Anayetaka mkopo wa kujengea huulizwa hati ya shamba, na katika nyumba nyingi hati hiyo bado ina jina la babu aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Wana wanne wamejenga, kila mmoja na bati lake na ua wake, juu ya ardhi ambayo kwa maandishi ni ya marehemu. Hawawezi kuigawa, wala kukopa kwayo, na siku mmoja akitaka kuuza sehemu yake ndipo ugomvi huanza. Njia ipo nayo hujulikana: barua ya chifu inayotaja warithi wote, pamoja na mabinti, kisha mahakama chini ya sheria ya urithi, kisha, kwa kugawa shamba, idhini ya bodi ya ardhi. Kama shamba lilikuwa na deni la skimu, pawe na hati ya kuonyesha kwamba deni lilikwisha na likaondolewa. Ni kazi ya miezi, pengine miaka. Wazee waliolipa deni lile wakiwa hai, hukumbuka tarehe na risiti. Hao waulizwe sasa.

Nikiwa bado juu ya nyumba, neno moja la maji. Paa la bati la meta 8 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 480. Hata tukitoa yanayopotea, zabaki zaidi ya mitungi ishirini ya lita 20, katika mvua moja ya alasiri. Mlimani kwetu mvua ni nyingi, na bado wasichana wanateremka mtoni. Mfereji wa bati chini ya paa hauhitaji mpango wa serikali.

INTANETI

Serikali kuu iliahidi kutandaza nyaya za kilomita 100,000, vituo 25,000 vya intaneti ya bure katika masoko, na vituo 1,450 vya vijijini, yaani kimoja kwa kila wadi ya Kenya. Ahadi ni ahadi, na waya ni waya. Muulizeni msimamizi wa wadi waziwazi katika baraza: kituo chetu kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, na nani anafundisha? Swali lililoulizwa mbele ya watu huandikwa.

Hata hivyo intaneti si mambo ya vijana tu. Mbolea ya ruzuku, ambayo bei yake ilitangazwa mwezi wa Agosti 2023 kuwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, hupatikana kwa mkulima aliyeandikishwa, na ujumbe huja katika simu yake. Nimeona watu wakija na simu mpya na laini mpya kuuliza ujumbe uliotumwa katika laini waliyoitupa. Anayebadili nambari na abadilishe pia katika daftari la wakulima, katika SHA na kwa chama chake cha maziwa. Wala asimpe mtu yeyote nambari ya siri ya M-Pesa, hata akijiita afisa wa SHA au wa mbolea. Afisa wa kweli hana haja nayo.

Kwa atakayetaka kuyatengeneza majina yake mwezi huu: ofisi ya kilimo huandika wakulima, haiandiki bima, kwa bima mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au karani wa hospitali. Popote uendapo chukua kitambulisho chenyewe, simu yenye laini yako, vyeti vya watoto, na uje na mkeo au mumeo ili naye akubali kwa nafsi yake. Mwenye kuleta kitambulisho akasahau simu atarudi mara ya pili, na kwa mtu atokaye Chebilat kuja Ikonge nauli hiyo ni kilo kadhaa za majani mabichi.