Upatu, Chama na Piramidi: Jina Moja, Mambo Mawili

Utangulizi

Katika magazeti na mahakama za Afrika Mashariki, neno upatu hutumiwa kutajia ulaghai wa kuwalipa walioingia mapema kwa fedha za wanaoingia baadaye. Neno hilohilo limetumika kwa miaka mingi kutajia mchezo halali wa kuchangiana fedha kwa zamu. Mambo mawili yanayopingana yamepewa jina moja, na utata huo si wa kamusi tu: umewagharimu watu akiba zao. Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo, historia ya ulaghai wenyewe, na namna lugha inavyotumiwa kuuficha.

Upatu wa asili

Chukua mfano wa kinamama 10 wanaochanga shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi. Kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 10,000. Baada ya miezi 10, kila mmoja atakuwa ametoa 10,000 na kupokea 10,000. Hakuna aliyepata faida wala aliyepunjwa. Manufaa yake ni kupata fedha kwa mkupuo: za karo, za mabati au za kununulia mbuzi. Nchini Kenya kikundi cha namna hii huitwa chama. Sifa yake kuu ni kwamba hakihitaji mwanachama mpya hata mmoja ili kitimize ahadi yake.

Hesabu ya piramidi

Piramidi ni kinyume cha hayo. Tuseme mwanzilishi anasajili watu 6, na kila mmoja wao anatakiwa kusajili 6 wengine. Ngazi ya pili itakuwa na watu 36, ya tatu 216, ya tano 7,776. Ngazi ya kumi itahitaji watu 60,466,176, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 47.6. Kwa hiyo mpango huu hauanguki kwa bahati mbaya au kwa usimamizi mbovu. Kuanguka kumo katika hesabu yake. Aidha, popote utakapokatikia, takribani watu 5 kati ya kila 6 watakuwa katika ngazi ya mwisho, ambayo haijalipwa chochote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika piramidi methali hii hugeuka kuwa kanuni ya biashara: mwenyeji hapati nafuu ila kwa hasara ya mgeni.

Historia fupi

Ulaghai huu si mpya. Mjini Boston, Marekani, Sarah Howe alifungua benki ya wanawake mwaka 1879 na kuwaahidi riba ya asilimia 8 kwa mwezi. Ilianguka mwaka uliofuata. Katika mji huohuo, mwaka 1920, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai kufanya biashara ya kuponi za posta. Jina lake ndilo linalotumiwa hadi leo kwa mpango ambao mwekezaji hasajili mtu, bali hulipwa kisirisiri kwa fedha za wenzake.

Biashara ya kuuza bidhaa kwa ngazi ilichipuka Marekani katika miaka ya 1940 kwa uuzaji wa vitamini. Muuzaji hupata kamisheni kwa mauzo yake na ya wale aliowasajili. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kuwa mfumo wa Amway haukuwa piramidi haramu, kwa kuwa malipo yalitegemea mauzo ya bidhaa, si usajili. Mpaka uko hapo: bidhaa inapokuwa kisingizio tu cha kukusanya ada za wageni, biashara imekwisha kuwa piramidi.

Madhara

Nchini Albania, mipango ya aina hii ilipoporomoka mwaka 1997, madeni yake yalifikia takribani nusu ya pato la taifa. Ghasia zilizofuata ziliiangusha serikali na kuua watu wapatao 2,000. Nchini Kenya, mipango mingi ilisambaratika mwaka 2006 na 2007. Jopokazi la serikali liliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Hasara haiishii kwenye fedha. Aliyesajiliwa aghalabu ni ndugu, jirani au mshirika wa kanisani. Mpango unapoanguka, aliyemwingiza huonekana mwizi, ingawa naye ameibiwa. Imani inayoviwezesha vyama vya kweli kuendelea ndiyo inayoliwa kwanza.

Lugha kama chambo

Mfano wa DECI nchini Tanzania unafaa kuchunguzwa na mwanafunzi wa lugha. Washiriki hawakuambiwa kwamba wanatoa fedha. Waliambiwa kwamba wanapanda mbegu, kisha watavuna. Sitiari hiyo ilitoka shambani na madhabahuni, mahali ambapo msikilizaji amezoea kuamini. Mkulima hamuulizi mtu kwa nini mbegu moja huzaa punje nyingi. Huo ni ukweli wa ardhi. Lakini noti haioti. Sitiari ilizima swali kabla halijaulizwa. Serikali iliisimamisha DECI mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Hitimisho

Yapo mambo mawili ya kufanywa. Kwanza, waandishi na wanafunzi wa Kiswahili waliachie neno upatu maana yake ya kuchangiana kwa zamu, na ulaghai wauite piramidi. Kumwita mlaghai kwa jina la mama anayechanga kwa uaminifu ni kumkopesha heshima asiyostahili, na kumtia mama huyo doa. Pili, kila anayealikwa aulize swali moja: fedha za kunilipa zitatoka wapi? Katika upatu jibu ni jepesi: zitatoka kwa watu hawa tisa, nami nitawarudishia. Katika biashara halali zitatoka kwa mnunuzi. Pale ambapo jibu ni mgeni ambaye bado hajafika, hakuna mbegu iliyopandwa wala mavuno yatakayokuja.