Nishati Inayopotea na Afya ya Familia



Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitaja mazoea yetu yanayoidhuru dunia. Mfano mmoja alioutoa ni viyoyozi, ambavyo matumizi yake yanazidi kuongezeka. Huenda msomaji wa Nyakahanga akasema: "Hilo ni la watu wa mijini. Huku kwetu Karagwe usiku tunatafuta blanketi." Ni kweli kwamba tunaishi katika nchi ya milima na hatuhitaji mashine ya baridi. Lakini kosa la kupoteza nishati lipo hata jikoni kwetu, tena huku linadhuru afya zaidi.

Kiyoyozi hufanyaje kazi?

Wengi wetu tuna watoto au ndugu Dar es Salaam, ambako joto na jasho ni vya kila siku. Ni vizuri wajue kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje, na kazi hiyo hula umeme mwingi. Mlango ukiachwa wazi, joto hurudi ndani, mashine inaendelea kuhangaika, na mwenye nyumba analipa bure. Aidha, joto linalotupwa nje humwangukia jirani asiye na kiyoyozi.

Feni hutumia umeme usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ule wa kiyoyozi. Kwa hiyo, kwanza mtu azuie jua lisiingie kwa pazia na mti wa kivuli, afungue madirisha yanayoelekeana, kisha atumie feni. Kama kiyoyozi ni lazima, afunge milango, asikiweke kwenye baridi kali kupita kiasi, asafishe vichujio vyake, na akizime anapotoka. Chumba kinachofungwa siku nzima kifunguliwe mara kwa mara, kwani vijidudu vya kifua kikuu huenea kwa urahisi mahali ambapo watu wengi wanavuta hewa ileile.

Mafiga matatu ni mlango ulioachwa wazi

Sasa tuangalie nyumbani kwetu. Mama anapopika ndizi na maharage kwenye mafiga matatu, moto unatoka pande zote. Wataalamu waliopima wanasema kwamba katika kila sehemu kumi za joto la kuni, ni kama moja au mbili tu zinazoingia kwenye sufuria. Nyingine zote zinapotea hewani. Hivyo mama na mabinti wanabeba mizigo ya kuni kutoka mbali, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo inapasha joto ukuta na paa.

Pamoja na joto hilo hutoka moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu zaidi ya milioni 3 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Moshi huwaletea watoto wadogo nimonia, na watu wazima magonjwa ya mapafu na ya moyo. Anayeumia kwanza ni mama, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Tufanye nini?

Hapa Karagwe kazi imekwisha kuanza. Mashirika ya MAVUNO na CHEMA, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, yamejaribu majiko yanayotumia kuni chache, majiko yanayochoma maranda ya mbao, na gesi itokanayo na samadi na mabaki ya migomba. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Familia isiyo na uwezo wa kununua jiko la gesi inaweza kuanza leo:

1. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva upesi.

2. Pasua kuni ziwe nyembamba, uzikaushe vizuri. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

3. Funika sufuria wakati wote wa kupika.

4. Jenga jiko banifu la udongo linalozunguka sufuria, ili moto usitoroke.

5. Toboa dirisha jikoni na tundu la kutolea moshi juu. Mtoto mchanga akae mbali na moto.

6. Chakula kikiiva, zima moto na uhifadhi kuni zilizobaki.

Tahadhari mbili

Usiku wa baridi, wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango. Hii ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa wakiwa usingizini. Ongeza blanketi, acha jiko nje.

Pia, mtoto mwenye kikohozi akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, msisubiri. Mpelekeni mara moja zahanati au Hospitali ya Nyakahanga.

Akina baba, ujenzi wa jiko banifu usiachiwe akina mama peke yao. Udongo tunao, mikono tunayo, na siku moja ya kazi inatosha kuanza. Jumuiya ndogondogo nazo zinaweza kusaidiana nyumba kwa nyumba, wakianza na wajane na wazee. Kutunza kuni ni kutunza misitu aliyotupa Mungu, na kutunza hewa ya jikoni ni kumtunza mama na mtoto wake.