Maranda Yanauzika, Maji Hayauziki

Ukipita Mafinga wakati wa kiangazi, utaona moshi ukifuka kando ya mashine za mbao. Hakuna anayepika. Ni marundo ya maranda yanayochomwa ili kupata nafasi ya maranda mengine.

Chanzo chake kimojawapo ni unene wa msumeno. Huku Mufindi, penye Sao Hill, shamba kubwa la miti la Serikali kuliko mengine yote nchini, wapasuaji wadogo wengi hutumia mashine za "dingdong" zenye msumeno wa duara. Tuseme unakula milimita 6 kila unapopita. Kwa ubao wa milimita 25, karibu sehemu moja ya tano ya gogo imekwisha kuwa unga, na bado hujahesabu mabanzi. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 huishusha hasara hiyo hadi asilimia 7 hivi. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia mkaa mbadala, ningeanza na mkopo wa kununua msumeno mwembamba. Mbao ina bei nzuri kuliko vumbi lake.

Vumbi litakalobaki lina adui wawili, maji na hewa. Paina iliyopasuliwa leo, takriban nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji hudai karibu megajuli 2.5 ili ivukizwe. Ndiyo maana kilo ya maranda makavu kabisa hutoa megajuli 18 hivi, lakini ya mabichi haifikii hata nusu ya hizo. Tena yamejaa hewa: lori linaonekana limesheheni kumbe mzigo ni mwepesi. Anayeyapeleka mabichi Dar es Salaam anayalipia maji nauli.

Kampuni ya TANWAT ya Njombe ililikwepa tatizo hilo kwa kutoyasafirisha mbali. Tangu miaka ya 1990 mtambo wake wa megawati 2.5 umechoma mabaki ya miti kwenye boila, na umeme ukaendesha shughuli za kampuni.

Asiye na boila inambidi akaushe na kushindilia. Ndani ya mti mna lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake. Ikipata joto la nyuzi mia na zaidi hulainika. Ikibanwa kisha ikapoa, hugandisha unga kuwa kipande kigumu bila kuongeza gundi yoyote. Mmarekani William Mason aliitumia sifa hiyohiyo mwaka 1924 huko Laurel, Mississippi, alipogeuza mabaki ya viwanda vya mbao kuwa mbao ngumu za kushindiliwa. Maranda mabichi mno huharibu kazi hii: maji hugeuka mvuke na kupasua kipande kikitoka mashineni.

Shambani, usiyafukie yakiwa mapya. Yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha huichukua ile ya udongo na mahindi yakageuka manjano. Yapitie kwanza kwenye banda la kuku, yanyonye kinyesi, kisha yaozeshwe.

Ila uliza yametoka kwenye mti gani. Vumbi la nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki lisiingie bandani wala jikoni. Moto hauiui aseniki. Sehemu huondoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu.