Mwito wa Kurudi Nchi ya Luapula

Anayetoka Lubumbashi kwenda ziwa Mweru hupita Kasomeno, na hapo njia hugawanyika. Moja inakwenda Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Nyingine inashika kaskazini kuelekea Kilwa (si Kilwa ya pwani, ni hii ya Katanga) hadi Pweto. Kabla ya kufika Pweto, kando ya ziwa, iko Luanza, misheni iliyoanzishwa na Mskoti Dan Crawford katika miaka ya 1890. Familia za wamisionari wa upande huu, hasa wale wa jamaa ya Ndugu (Brethren), zimekwenda na kurudi kwa zaidi ya karne moja, na kurudi kwenyewe kumekuwa desturi yenye taratibu zake.

Wa kwanza alikuwa Frederick Stanley Arnot. Alifika Bunkeya, mji mkuu wa mfalme Msiri, Februari 1886, akaishi humo miaka miwili, akarudi Uingereza mwaka 1888. Hakutulia. Mwaka uliofuata alioa, na yeye na mkewe Harriet wakapanda meli pamoja na kundi la vijana waliokubali kwenda naye. Crawford alikuwa mmoja wao, hata miaka kumi na tisa hajatimiza. Kutoka pwani ya Angola walitembea kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi, na Crawford akaingia Bunkeya mwaka 1890. Msiri alipouawa Desemba 1891, watu wake walitawanyika, na wengi wao baadaye walihamia kwa Crawford. Wakamwita Konga Vantu, mkusanya watu. Alikaa miaka 22 bila kwenda likizo kwao. Alipokwenda hatimaye, alisikilizwa katika kumbi kubwa na kitabu chake kikasomwa sana. Angeweza kuzeekea huko akiheshimiwa. Akarudi Luanza, akafa huko mwaka 1926.

Kwa Ndugu, mtu hajitumi. Baba na mama wakiona moyo unawavuta kurudi, huwaeleza kwanza wazee wa kanisa lao. Wazee huomba, huuliza maswali magumu juu ya afya, watoto na wazazi waliozeeka, kisha kanisa zima huwawekea mikono na kuwapa barua ya utambulisho. Hakuna shirika linalowaajiri wala mshahara wa mwezi. Wanaishi kwa sadaka zinazotumwa na makanisa, na kutembeza bakuli ni jambo wanaloliepuka kabisa. Desturi hii naiheshimu, kwa sababu inalazimisha hamu ya mtu mmoja ipimwe na watu wanaomfahamu.

Wanaolipa gharama kubwa zaidi ni watoto. Wengi waliachwa Uingereza kwa jamaa zao wakawa wanawajua wazazi wao kwa barua. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya bweni ya Sakeji, Mwinilunga, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, ili watoto wa wamisionari wasome bila kuvuka bahari. Hata hivyo bweni ni bweni, na mtoto wa miaka saba aliyezoea bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa mama jirani hulia usiku kama mtoto mwingine yeyote. Anayesimulia habari za mwito akawaruka watoto hawa amesimulia nusu tu.

Upande wa Luapula nao una sheria zake. Familia inayorudi hupokewa kwa nyimbo za akina mama na kwa kupigiwa makofi, nayo huandaliwa bukari na samaki. Lakini karamu haimalizi jambo. Wakati walipokuwa mbali, watu wamekufa. Baba na mama wanapaswa kupita nyumba kwa nyumba kutoa pole, wakae chini, wamtaje marehemu kwa jina, wanyamaze pamoja na wafiwa. Kisha wapelekwe kwa mfumu, mwenye nchi, wajulishwe upya. Anayeanza kwa kufungua masanduku na kupanga kazi kabla ya kutoa pole huonekana kuwa amekuja kwa ajili ya kazi yake tu. Hatasemwa vibaya hadharani. Ila watu hawatamletea mashauri ya nyumba zao.

Nyakati za hatari zimeikaza sheria hiyo. Wakati wa kujitenga kwa Katanga kuanzia 1960, vita vya Kolwezi mwaka 1978, na uporaji wa askari mwaka 1991, wageni wengi waliondoka kwa haraka. Makanisa yalibaki mikononi mwa wazee wa Kikongo, waliohubiri, waliozika, waliogawa chakula kidogo kilichokuwapo. Kwa hiyo anayerudi leo anakuta nyumba ina wenyewe. Mimi naona ni haki kabisa wazee hao nao waulizwe, na waulizwe mapema, kabla tiketi hazijakatwa: mnatuhitaji, na kwa kazi gani? Mwito uliosikika ng'ambo peke yake bado haujakamilika. Wakijibu kwamba wanahitaji mwalimu wa wakunga na si mhubiri, jibu hilo lipokewe na familia kwa uzito uleule wa barua ya kanisa la nyumbani.

Siku hizi mwito unakwenda pande zote. Wamethodisti wa Katanga Kaskazini walituma watu wao Tanzania, na kazi ya huko ikawa chini ya uaskofu wao. Mapadre wa Kikongo wanahudumia parokia za Ubelgiji, nchi iliyowahi kuwaletea mapadre. Familia hizi nazo huwaacha wazazi nyumbani, nazo hukosa vilio vya jamaa. Makanisa yetu yanajua vizuri kumpokea Mzungu anayerudi. Lakini mtoto wa nyumbani anayerudi kutoka utumishi wa mbali, watoto wake wakiwa wamesahau lugha ya bibi yao, bado tunamuuliza kwanza ametuletea nini. Yeye pia ana wafu wake wa kuliliwa, na anahitaji mtu wa kumsindikiza nyumba kwa nyumba.